Mlango wa Wakili Ufungukie Jikoni

Mheshimiwa Jaji Tessmer, uliyeacha shughuli za mahakama ya kaunti ukaja kuketi kwenye viti vyetu vya kukunja. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Baba Paroko, Padri Zbigniew. Mchungaji Lattimore wa kanisa la Kibaptisti, jirani yetu ambaye kwaya yake hutushinda kila Jumapili hata tukifunga madirisha. Wakili Rosalind Abood. Ndugu wageni waalikwa. Majirani wa mtaa huu. Na ninyi akina mama na akina baba wa jikoni, ambao kwa itifaki hutajwa mwisho lakini kwa haki mngetajwa mwanzo: hamjambo nyote?

Nimeambiwa niseme kwa dakika chache. Aliyeniambia hivyo ni Padri, na ninyi mnaoyajua mahubiri yake mtaelewa kwa nini sikumsikiliza sana.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Lorraine Gorczyca. Nimezaliwa mtaa huu, nimeolewa mtaa huu, na jiko la parokia hii ya Mtakatifu Zita nimeliongoza tangu enzi ambazo viwanda vya chuma vya Cleveland vilikuwa bado vinatoa moshi na waume zetu walikuwa wakirudi nyumbani weusi mpaka kope. Kazi yangu ni pierogi, zile sambusa za kuchemsha za babu zetu Wapolandi. Kila Alhamisi ya Kwaresima tunakutana humu chini ya kanisa, tunasukuma unga, tunaponda viazi na jibini, tunajaza, tunakunja, tunabana kingo, ili Ijumaa watu wa mji mzima wakija kula samaki wetu wa kukaanga wakute na cha kuongezea kwenye sahani. Sasa mtaniuliza, mwanamke wa unga ana neno gani siku ya kufungua chumba cha wakili? Analo. Analo kubwa, kwa sababu chumba hiki kilianzia kwenye meza yangu, na leo nitasimulia jinsi kilivyoanza, apende asipende aliyeandaa ratiba.

Ndugu zangu, watu wa mtaa huu tuna kosa letu moja ambalo sijalisikia kwa watu wengine. Sisi ni watu wa kuona haya. Babu zetu walijenga nyumba hizi za mbao kwa mikono yao, na mtu wa huku akishindwa kulipa mkopo wa nyumba anaona afadhali apotee kuliko jirani ajue. Kwa hiyo inakuja karatasi ya mahakama, haijasomwa hata ukurasa wa pili, na tayari gari la kuhamisha vyombo liko mlangoni. Ni nani kati yenu hajaamka akakuta nyumba ya jirani haina mapazia? Hawakujua kwamba karatasi ile haimfukuzi mtu, inamwita aende akajibu. Hawakujua kwamba nyumba ni yao mpaka kesi iishe, mnada ufanyike na mahakama iuthibitishe. Walikimbia kutoka kwenye nyumba zao wenyewe! Na benki nyingine, ikiona nyumba imebaki gofu na mabomba yamepasuka kwa baridi, inaiacha kesi ilale hapo hapo, na mwenye nyumba aliyejificha kwa binti yake kule Toledo anaendelea kutozwa faini ya majani ya uani ambayo hata hayaoni.

Mficha uchi hazai. Bibi yangu hakuwa na methali hiyo kwa Kipolandi, lakini angekuwa nayo angenipiga nayo kila siku.

Basi, Kwaresima ya mwaka juzi shirika la msaada wa kisheria la mjini, lile lisilomtoza mtu hata senti, likatuletea Wakili Abood. Simama, mwanangu, wakuone. Kaa. Alikuja Ijumaa na meza yake, akaiweka pale karibu na mlango, akatandika kitambaa cha buluu, akasimamisha bango la maandishi makubwa: JE, UNA MATATIZO NA MKOPO WA NYUMBA? Jamani! Ndani ya ukumbi ambao kila mtu anamfahamu mwenzake, na mama mkwe wa mwenzake, nani ataketi kwenye kiti kile? Si bora ungeweka kiti mbele ya altare ukaandika WENYE DHAMBI KUBWA WAKAE HAPA? Watu walikuwa wakifika usawa wa meza ile wanatembea upande upande, macho dirishani, kana kwamba wanatafuta ndege. Ijumaa baada ya Ijumaa, mtu pekee aliyemsogelea alikuwa mzee Stan Babiarz, naye alitaka kujua kama sosi ya samaki imekwisha.

Nikamfuata.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe umesomea nini?"

"Sheria, mama."

"Na huko chuoni hawakukufundisha kwamba mtu haungami mbele ya foleni ya samaki?"

Akacheka, lakini macho yalikuwa yamechoka. "Sasa nifanye nini, Bi. Lorraine? Mimi najua wapo humu. Kesi zao naziona zinaingia mahakamani, mitaa hii hii. Wakija kwangu, wanakuja mnada umeshatangazwa."

"Njoo Alhamisi," nikamwambia. "Vua hilo koti, hilo bango liache kwenye gari. Lete mikono tu."

Wiki ile ile ndipo shoga yangu Earlene Tubbs alipoingia jikoni kwangu. Earlene anakaa ng'ambo ya barabara. Ni Mbaptisti wa Mchungaji Lattimore, lakini amebana pierogi nasi miaka mingi, na anabana vizuri kuliko Wapolandi wengi niliowasimamia watoto wao ubatizo. Mumewe, Roosevelt, fundi wa mabasi ya jiji, alikuwa amefariki vuli iliyotangulia. Earlene aliingia amekumbatia oveni yake ya mezani, ile pana ya umeme ya kuokea bata mzinga.

"Lorraine, hii nawaachia ninyi wa jikoni. Mimi sina kazi nayo."

Hana kazi nayo! Pasaka inabisha hodi, na Earlene, ambaye paja lake la nguruwe la Pasaka linanukia mpaka Padri anakosea mistari ya misa, ananiambia hana kazi na oveni! Katika mji huu mwanamke hutoa oveni yake siku anapokufa au siku anapohama, na Earlene alikuwa amesimama mbele yangu akipumua.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nasafisha nyumba tu."

"Haya."

Sikumsadiki hata kidogo, lakini niliipokea, kwa sababu ukimkazania Earlene anafunga mdomo, na mdomo ule ukishafungwa hata Mchungaji haufungui. Au nasema uongo, Mchungaji? Haya, mnaona anatikisa kichwa. Nikamwambia tu kwamba Alhamisi nimepungukiwa na mikono, aje anisaidie.

Alhamisi ikafika. Mezani tulikuwa mimi, Earlene, dada yetu Irena Mleczko, mzee Stan, na Wakili Abood aliyevaa aproni yangu ya zamani, unga mpaka kwenye nyusi. Pierogi zake, Mungu amsamehe, zilikuwa zikiingia kwenye maji ya moto zinapasuka zote.

"Wakili," Stan akamwambia, "wateja wako hawa wametoroka kabla ya kesi kusikilizwa."

Tukacheka. Na mnajua mambo ya meza ya unga: mikono ina kazi, macho yako chini, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Maneno ambayo hayatoki mbele ya dawati hutoka hapo yenyewe. Earlene akasema, bila kuinua kichwa:

"Kuna mwanamke mmoja namfahamu. Si wa huku."

"Ehe," akasema Irena.

"Mumewe amefariki. Nyumba imebaki yake, lakini mkopo ulikuwa kwa jina la mume peke yake. Pensheni ikapungua, akawapigia benki kabla mambo hayajaharibika, awaombe wampangie upya. Wakamwambia, sisi tunaongea na mwenye mkopo tu. Mpe simu mumeo."

"Wakamwambia nini?" nikamaka.

"Mpe simu mumeo. Kila akipiga, mpe simu mumeo. Akawaambia amekufa. Wakasema, basi mumeo aandike ruhusa ya sisi kuzungumza na wewe."

Stan akaanza kucheka, kisha akauona uso wa Earlene, akainamia viazi vyake.

"Sasa mahakama imemletea karatasi," Earlene akaendelea. "Amefunga vyombo. Ana dada yake Alabama. Jumamosi gari linakuja."

Ndugu wageni waalikwa, pale mezani hapakuwa na mtu asiyejua mwanamke yule ni nani. Je, mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka, na mnaonijua mnajua ningeliharibu jambo lile palepale. Lakini Wakili Abood, ambaye nilidhani sheria imemkausha, naye hakuinua kichwa. Aliendelea kubana pierogi yake mbaya, akasema kwa upole:

"Huyo mwanamke ukimwona, mwambie asihame."

"Ameshalipia gari."

"Gari lirudi. Mwambie karatasi ile haimtoi, inamuuliza. Amepewa siku za kujibu. Akijibu, anaweza kuomba mahakama iwakalishe yeye na benki mbele ya msuluhishi, na muda wote huo analala kitandani kwake. Na hilo la kumtaka marehemu kwenye simu, sheria inalikataa. Mjane aliyeachiwa nyumba, benki lazima imsikilize kama ilivyomsikiliza mumewe."

"Lazima?"

"Lazima. Ila akihama, akanyamaza, atakuwa amewaachia nyumba yeye mwenyewe. Karatasi ilimfikia lini?"

"Wiki iliyopita," akasema Earlene. Kisha akajikumbuka. "Ameniambia ni wiki iliyopita."

"Basi bado yuko ndani ya muda."

Irena alikuwa analia juu ya unga wangu, akasingizia vitunguu, na siku ile hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

"Huyo mwanamke," Wakili akauliza, "anaweza kuja hapa kesho kabla samaki hawajaanza kukaangwa? Alete na karatasi zake zote."

Earlene alibana kingo za pierogi iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka kwenye trei, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Anaweza," akasema. "Lorraine, nipe oveni yangu."

Pigeni makofi, msiogope, mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya yote! Na nikamrudishia oveni siku ile ile, nikaibeba mimi mwenyewe mpaka ng'ambo ya barabara, na gari la Jumamosi likapigiwa simu lisije. Sebuleni kwake maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani. Picha ya harusi yake ilikuwa imefungwa kwa gazeti. Nililia, sioni haya kusema, nilisimama katikati ya maboksi yale nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimebakiza siku mbili tu nisijue shoga yangu amekwenda wapi.

Wakili akaandika majibu, akayapeleka mahakamani, akaomba usuluhishi, na siku ikapangwa. Earlene aliruhusiwa kuingia na mtu mmoja wa kumshika mkono. Niliingia mimi, maana nani angethubutu kunitangulia? Msuluhishi alikaa kichwani mwa meza. Mtu wa benki hakuwepo. Alikuwa sauti ndani ya simu, iliyowekwa katikati ya meza. Jina la benki silitaji. Wakili amenikataza, na huyo ndiye mtu pekee humu ninayemwogopa.

Sauti ikasema, "Habari za asubuhi. Kabla hatujaanza, naomba kuthibitisha: Bwana Roosevelt Tubbs yupo hapo?"

Mheshimiwa Jaji, wewe umesikia mengi katika kazi yako. Umewahi kusikia marehemu akiitwa kikaoni? Wakili Abood alishafungua mdomo ajibu, kwa sababu majibu ya kisheria alikuwa nayo tele, na barua alishawapelekea, na cheti cha kifo walishakipokea. Earlene akamgusa mkono amwache. Akaisogelea ile simu.

"Bwana Tubbs hayupo," akasema. "Yupo mkewe. Nyumba hiyo niliingia nikiwa bibi harusi, na jeneza la mume wangu limetokea mlango huo huo. Mimi ndiye ninayekaa humo, mimi ndiye nitakayelipa, na kwa hiyo mimi ndiye utakayezungumza naye. Sasa anza upya, mwanangu, na unisalimie vizuri."

Simu ikakwaruza kidogo. Kisha ile sauti, taratibu kabisa:

"Habari za asubuhi, Bi. Tubbs."

Niliipiga meza kofi mpaka msuluhishi akaruka! Akanitazama kwa ukali, nikamwambia samahani, na sikuwa na samahani yoyote moyoni. Maana pale pale niliona tumeshinda. Yaliyofuata yalikuwa kazi tu, na kazi ile ilikuwa ndefu: benki ikapoteza karatasi, Wakili akazituma, ikazipoteza tena, akazituma tena, mara hii akazipeleka kwa mkono wake na kumtaka aliyezipokea atie sahihi. Mwishowe mkopo ukapangwa upya kwa jina la Earlene Tubbs, kwa malipo ambayo pensheni yake inayamudu, na kesi ikafutwa. Imefutwa, ndugu zangu! Haikuahirishwa wala haikusogezwa mbele.

Na habari zikaenea, maana huu ni mtaa wenye masikio. Alhamisi zilizofuata meza yangu ilijaa watu ambao hawajawahi kushika unga tangu wazaliwe. Wanaume wenye vidole vya kufungia boliti, wanabana pierogi kubwa kama viatu, na kila mmoja kuna mtu anamfahamu. "Wakili, nina binamu yangu..." "Wakili, kazini kwetu yuko jamaa..." Na Wakili Abood akiwajibu wale mabinamu na wale majamaa wote kwa heshima ile ile. Wengine walikuja na karatasi za mahakama. Lakini furaha yangu kubwa ni wale walioanza kuja kabla ya karatasi. Alikuja kijana mmoja ambaye hajakosa hata malipo ya mwezi mmoja, ila amepunguziwa zamu kiwandani na anaona mbele kunafunga giza. Shida yake iliisha kwa simu na fomu, wala mahakama haikulijua jina lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sivyo wasemavyo? Sisi tulikuwa mtaa wa kujenga kuta. Sasa tumejua kuziba nyufa.

Ndipo wafadhili wakasema, vizuri, tutawajengea ofisi. Nawashukuru sana, na leo naomba mnisamehe kwa maneno niliyowaambia kwenye kile kikao. Michoro yao ilionyesha chumba cha juu, mlango wa barabarani, kioo kikubwa, na jina limeandikwa kwa dhahabu. Nikasema hapana. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema, mkiweka mlango ule barabarani, atakayeuingia ni wakili na msafisha kioo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa mtu anayeona haya, ngazi za kupanda ghorofani ni mbali kuliko Alabama. Chumba kiwe huku chini, kando ya jiko, na mlango wake ufungukie jikoni, ili mtu akishuka huku asiwepo wa kujua kama amefuata sheria au amefuata viazi. Walinibishia kwa kikao kizima. Leo geukeni mtazame mlango ulipo.

Wakili Abood, mwanangu, sifa zako fupi nitazisema mbele ya watu hawa. Pierogi hujui kubana mpaka leo. Lakini ulikubali kuketi chini ya watu ili wakuambie ukweli, na kuna waliosoma sana ambao hawawezi hilo hata kwa kulipwa. Mheshimiwa Jaji, nawe nakuomba jambo moja. Unapokaa kwenye kiti chako likaitwa jina la mtu wa mtaa huu, na hakuna anayeitika, usifikiri amedharau mahakama. Huenda yuko nyumbani anafunga picha zake kwa gazeti. Mwandikie kwa maneno ambayo mtu mwenye hofu anaweza kuyaelewa, na chini kabisa umwambie aje hapa.

Na wewe uliyeketi humu ndani, kwa sababu najua upo, na kwa adabu sitatazama upande wako: usihame. Usitoe vyombo vyako. Kesho ni Alhamisi, na ingawa si Kwaresima tutakuwa na unga mezani, kwa sababu sasa tunabana mwaka mzima. Si lazima useme ni wewe. Sema kuna mtu unamfahamu.

Nawashukuru mafundi, nawashukuru wafadhili, nakushukuru Padri kwa kutuachia chumba ulichokuwa umehifadhi sanamu zilizokatika pua, nawashukuru Wabaptisti kwa rangi na kwa nguvu za kuipaka, na nawashukuru watu wa jikoni kwa kila kitu.

Najua kuna jambo mmekuwa mkijiuliza tangu nianze. Earlene yuko wapi? Mbona hakuketi kiti cha mbele, mbona utepe utakatwa na Diwani? Tulimwomba aukate. Alikataa katakata. Amesema hana nafasi ya utepe, leo ana wageni. Wageni wenyewe ni ninyi. Utepe ukishakatwa, vukeni barabara, ile nyumba ya kona yenye baraza aliyoipaka Roosevelt rangi ya kijani. Meza zimetandikwa tangu mchana na paja la nguruwe liko tayari.

Asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Mkifika pale pigeni hodi kwa nguvu, msione haya. Mwenye nyumba yupo, na atawafungulia mwenyewe.